Mvua, moshi na kikohozi: tufunge dirisha lipi?

Ukifika mpakani Mugina asubuhi ya mvua, utawakuta wafanyabiashara wamejibanza chini ya vibanda vya turubai, mizigo yao ya mawese na ndagala imefunikwa, wakisubiri mvua ipungue ili wavuke kwenda Manyovu, upande wa Tanzania. Utasikia vikohozi huku na huku. Ukiuliza kulikoni, utajibiwa haraka: "Ni baridi tu, mwalimu." Ukirudi mwezi wa saba, nyasi zimekauka na vumbi limetanda, watu walewale bado wanakohoa. Safari hii jibu linakuwa: "Ni vumbi tu, mwalimu."

Maneno hayo mawili, "ni baridi tu" na "ni vumbi tu", ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Mimi si daktari. Ni mwalimu niliyezaliwa na kusomeshwa ukimbizini, nikarudi nyumbani mwaka 2009 pamoja na maelfu ya wenzangu. Lakini nimeona vifua vingi vikizikwa kwa kisingizio cha hali ya hewa, na mwaka mmoja nusura mimi mwenyewe niwe sababu ya msiba darasani mwangu. Je, ni kweli kwamba mvua, baridi na vumbi huleta magonjwa ya mapafu? Jibu ni kwamba ni kweli nusu. Na nusu iliyobaki ndiyo inayotuua.

Nianze na nyumbani. Nimekulia Mishamo, katika makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na nyasi, ina mlango mmoja na tundu dogo ukutani ambalo tuliliita dirisha. Wakati wa kiangazi mama alipikia nje. Mvua zikianza, mafiga, au amashiga kama tusemavyo kwa Kirundi, yalihamia ndani, na kuni zenyewe zilikuwa mbichi. Tulilala watu saba katika moshi ule. Wazee walitufariji kwamba moshi ni mzuri: unafukuza mbu na kuzuia mchwa wasile paa. Hawakusema uongo kuhusu mchwa. Lakini katika msimu mmoja wa mvua mdogo wangu wa mwisho alishikwa na kikohozi, akaanza kupumua haraka haraka, mbavu zikawa zinaingia ndani kila avutapo pumzi. Siku ya tatu alikuwa amekufa. Watu wa msibani walisema ni baridi.

Leo najua jina la kile kilichomchukua. Ni nimonia, na dalili zile nilizozisimulia ndizo mama yeyote anapaswa kuzikimbilia na mtoto wake kwenye kituo cha afya, hata kama ni usiku na mvua inanyesha.

Vijidudu ndivyo vinavyoambukiza

Tuelewane kwanza juu ya jambo moja. Baridi peke yake haina kifua kikuu, wala vumbi si nimonia. Magonjwa haya huletwa na vijidudu. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Ndiyo maana dunia huadhimisha siku ya ugonjwa huo kila tarehe 24 Machi. Kijidudu hicho hakiambukizwi kwa kikombe wala sahani, kama wengi wetu tunavyoamini, bali kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, akiimba au hata akizungumza, hutoa chembe ndogo mno zinazoweza kuelea chumbani kwa saa kadhaa. Anayevuta hewa hiyo anaweza kuambukizwa hata kama mgonjwa mwenyewe ameshatoka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2024 watu wapatao milioni 10.7 waliugua kifua kikuu, na milioni 1.23 walikufa. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa kijidudu hicho, lakini katika kila mia walioambukizwa ni watano hadi kumi tu watakaougua maishani mwao. Waliobaki, miili yao inakifungia kijidudu ndani kama mfungwa.

Basi swali ni hili: nini kinachofungua mlango wa gereza lile? Njaa, virusi vya ukimwi, kisukari na sigara ni miongoni mwa funguo zinazojulikana. Na moshi?

Panapofuka moshi

Moshi wa kuni, wa makara (mkaa, kama tulivyozoea kusema Tanzania) na wa magari umejaa chembe ndogo ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha. Zile za hatari zaidi zina upana usiozidi sehemu mbili na nusu za elfu moja ya milimita. Unywele wa kichwani ni mnene kuzipita mara ishirini au zaidi. Kwa udogo huo, puani hazizuiliki na kooni hazikamatwi. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu.

Mwenyezi Mungu aliyapa mapafu yetu ulinzi wa aina mbili. Kwanza kuna vinyweleo vidogo kwenye njia za hewa, ambavyo kazi yake ni kufagia uchafu na makohozi kuelekea juu. Pili kuna seli za ulinzi ndani kabisa, ambazo humeza vijidudu. Moshi hulemaza ufagio, nazo seli zile hujaa masizi zikashindwa kazi. Kijidudu ambacho jana kingefagiliwa, leo kinapata pa kukaa.

Kwa nimonia ya watoto ushahidi ni mzito: Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anayeishi katika moshi wa jikoni ana hatari karibu mara mbili ya kupata maambukizi ya mapafu. Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Kwa kifua kikuu lazima tuseme ukweli wote: kuhusu sigara ushahidi ni mkubwa kwamba inaongeza hatari, lakini kuhusu moshi wa kuni tafiti hazijakubaliana. Anayekuambia kwamba moshi ndio chanzo cha kifua kikuu amezidisha. Moshi hauzai kijidudu, ila unaweza kukidhoofisha kifua kinachokipokea.

Mvua inafunga, kiangazi kinachafua

Hali ya hewa basi inaingia wapi? Inaingia kwa njia mbili, na kila msimu una ya kwake.

Wakati wa mvua, hewa ya nje husafishwa. Matone huteremsha vumbi na masizi chini, na ndiyo maana baada ya mvua kubwa tukiwa Nyanza-Lac tunaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa Tanganyika kana kwamba imesogezwa. Lakini binadamu anafanya kinyume. Anajifungia. Mafiga yanaingia ndani, madirisha yanafungwa, watoto wanalala wamebanana, na kwenye basi kila abiria anapandisha kioo. Hewa ya nje ni safi, ila sisi hatuivuti. Tunavutiana hewa sisi kwa sisi.

Wakati wa kiangazi, ambacho Warundi tunakiita ici, mambo yanageuka. Watu wako nje, lakini hewa yenyewe imechafuka. Nyasi na mashamba yanachomwa kila upande wa mpaka. Kule Rwanda kuna kituo cha kupima hewa juu ya mlima Mugogo, na vipimo vyake vimeonyesha kwamba masizi hupanda katika miezi ya kiangazi, mengi yakitokana na moto unaowashwa mbali katika ukanda wetu mzima. Kwa maneno mengine, moshi wa nyasi zinazochomwa nchi moja unavutwa na mtoto wa nchi nyingine, wala haupiti kwa afisa wa uhamiaji.

Tena kuna asubuhi za baridi ambapo hewa nzito hutulia bondeni na hewa ya joto hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa majiko hauna pa kutokea. Jambo hili liliwahi kuushangaza ulimwengu mjini London, kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952. Ukungu na moshi wa makaa ya mawe vilikwama juu ya jiji kwa siku tano. Hesabu za kwanza zilitaja vifo vipatavyo 4,000. Makadirio ya baadaye yamefika 12,000. Wengi walikufa kwa magonjwa ya kifua. Waingereza hawakusema "ni baridi tu". Mwaka 1956 walitunga sheria ya hewa safi.

Jirani zetu wanatufundisha nini?

Siku hizi nchi jirani zinazungumza sana kuhusu nishati safi ya kupikia. Tanzania ina mkakati wa miaka kumi, 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ni jambo la kupongezwa. Lakini mchambuzi hapaswi kupiga makofi tu. Je, jiko safi linazuia nimonia?

Huko Guatemala, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba jiko lenye bomba la kutolea moshi lilipunguza nimonia kali kwa watoto kwa karibu theluthi moja. Tulifurahi. Mwaka 2017 yakaja matokeo ya Malawi, ambako watoto zaidi ya elfu kumi walifuatiliwa katika kaya zilizopewa majiko bora ya kuni na zile ambazo hazikupewa. Nimonia haikupungua.

Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa majiko ya gesi uliofanyika katika nchi nne, mojawapo Rwanda, wilaya ya Kayonza, si mbali na mpaka wa Tanzania. Familia nusu zilipewa jiko na gesi bila malipo, kuanzia mama akiwa mjamzito mpaka mtoto alipotimiza mwaka. Moshi aliovuta mtoto ulishuka sana: kutoka kama mikrogramu 66 kwa kila mita ya ujazo ya hewa mpaka 24. Pamoja na hayo, nimonia kali ilikuwa karibu sawa pande zote mbili.

Wapo watakaosema: basi tuache, turudi kwenye kuni. La hasha! Mtu aliyepunguza moshi mpaka mikrogramu 24 bado yuko mbali na kiwango cha 5 kwa wastani wa mwaka, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka mwaka 2021. Jirani anaendelea kupikia kuni, taka zinachomwa barabarani, nao moshi wao unaingia kwa mwenye gesi. Tena moshi una madhara mengine mengi, kuanzia moyo mpaka macho ya mama zetu. Somo ninaloliona ni kwamba mtungi wa gesi si chanjo. Anayepewa mtungi bado anahitaji chanjo yenyewe, kama ile ya nimonia ambayo Rwanda ilianza kuwapa watoto wake mwaka 2009. Anahitaji chakula, anahitaji matibabu ya mapema, na anahitaji kitu ambacho hakiuzwi sokoni: hewa inayopita.

Mbao nilizozipigilia mwenyewe

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Mwaka 2014 nilikuwa nafundisha darasa la wanafunzi zaidi ya themanini, karibu na ziwa. Upande mmoja mvua iliingia dirishani ikalowesha madaftari. Upande wa pili kulikuwa na watu wanaochemsha mawese kwenye mapipa, na kiangazi moshi wao ulituchoma macho. Nilitafuta mbao na misumari, nikaziba madirisha ya pande zote mbili. Wazazi walinishukuru. Darasa likawa kavu, halina moshi, na lina giza.

Mwaka uliofuata, binti mmoja wa dawati la tatu alianza kukohoa. Nikasema, ni baridi tu. Alikohoa miezi miwili mbele ya macho yangu, akakonda, jasho likimtoka usiku kama alivyonisimulia bibi yake baadaye. Alipopimwa makohozi, alikutwa na kifua kikuu. Walipofuatilia, bibi naye alikuwa nacho, na mwanafunzi mwingine wa darasa lile. Siwezi kusema nani alimwambukiza nani. Ninachojua ni kwamba watoto themanini walikaa mwaka mzima katika chumba ambacho mimi, mwalimu wao, nilikuwa nimekiziba kwa mikono yangu.

Wote watatu walimaliza dawa za miezi sita, wakapona. Nami niling'oa mbao. Baadaye nilisoma kuhusu uchunguzi uliofanyika mjini Lima, nchini Peru, uliochapishwa mwaka 2007. Watafiti walipima hewa katika vyumba 70 vya hospitali nane. Madirisha na milango ilipofunguliwa yote, hewa ilibadilika mara 28 kwa saa. Katika vyumba vyenye mashine za gharama za kubadilishia hewa, ilibadilika mara 12. Na waliofanya vizuri zaidi ni majengo ya kizamani, yenye dari ndefu na madirisha makubwa. Maskini mwenye madirisha mawili yanayotazamana alimshinda tajiri mwenye mashine.

Na moshi wa mawese je? Nilikwenda kuzungumza na wenye mapipa. Si watu wabaya, ni wazazi wa wanafunzi wangu. Tulikubaliana wawashe moto mchana, watoto wakishatoka, na mapipa mawili yakahamishwa upande ule upepo unakoelekea. Madaftari nayo tuliyaokoa kwa kusogeza madawati hatua mbili kutoka dirishani. Haikuhitaji mfadhili.

Mfanyabiashara na dawa zake

Nimeandika haya nikiwafikiria sana wenzangu wanaovuka mpaka. Maisha yenu ndiyo yanayopendwa na kijidudu hiki: mnalala watu wanane katika chumba kimoja cha gesti, mnasafiri usiku kwenye basi lililofungwa vioo, mnakula mkisimama. Na mkishikwa na kikohozi, hamna muda wa kukaa foleni.

Hatari kubwa zaidi inakuja baada ya kupimwa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika nchi zetu, lakini zinamezwa kwa miezi, si kwa siku. Mama mmoja muuza vitenge aliniambia kwamba alianza dawa upande mmoja wa mpaka, akapata nafuu mwezi wa pili, akavuka kufuata mzigo na kukaa wiki tano bila vidonge. Alidhani akienda kituo cha upande ule atafukuzwa kwa kuwa si raia. Aliporudi alikuwa amelala kitandani. Anayekatiza dawa humpa kijidudu nafasi ya kujifunza kuzishinda, kisha anayeambukizwa naye huanza moja kwa moja na ugonjwa sugu. Ndugu mfanyabiashara, kadi yako ya matibabu ichukue kama unavyochukua kitambulisho. Kabla ya safari ndefu mwambie mhudumu wako, akupe dawa za kutosha au barua ya kwenda kituo cha upande wa pili. Na kikohozi kikizidi wiki mbili, usiulize ni baridi au ni vumbi. Kapime.

Kwa upande wa serikali, wakati huu si wa kulala. Mwaka 2025 maelfu kwa maelfu ya Wakongo waliokimbia vita walivuka mto Rusizi kuingia Burundi, wengi wakaanza kwa kulala wamesongamana wakati wa mvua. Sisi tuliokulia makambini tunajua maana yake. Mwaka huohuo Marekani ilikata misaada yake mingi, na mwezi Machi Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba mapambano dhidi ya kifua kikuu yako hatarini. Wakati fedha zinapungua na watu wanasongamana, ndipo mambo yasiyo na gharama kubwa yanapopaswa kufanywa kwanza. Shule inayojengwa leo ijengwe na madirisha pande mbili. Kibanda cha kusubiria mpakani kiwe na paa lakini kisizibwe kuta. Na wahudumu wa afya wa Mugina na Manyovu watambue kadi za wagonjwa wa kila upande bila kuuliza uraia, maana nchi hizi zimo katika jumuiya moja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mapafu yetu naona ni kinyume: tumeziba nyufa mno. Hali ya hewa hatuwezi kuiamuru. Mvua itanyesha na ici itarudi. Lakini mahali pa kuweka moto, saa ya kufungua dirisha, na siku ya kwenda kupima, hayo yamo mikononi mwetu. Mdogo wangu alikufa kwa "baridi" kwa sababu hakuna aliyetuambia. Leo sisi tumeambiwa.